Somo: Kujenga Android kutoka kodi huria (open source code), hatua kwa hatua

Google waliiachia kodi ya Android hadharani Oktoba 2008 kupitia mradi wa AOSP (Android Open Source Project). Yeyote anaweza kuishusha, kuichokonoa na kujijengea mfumo wake. Kosa la wengi ni kukimbilia simu. Anza na Cuttlefish, simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta: ikigoma hujaua kifaa cha mtu, na inachohitaji upande wa Android kimo humo humo kwenye kodi. Simu halisi itakudai draiva ambazo mara nyingi mtengenezaji hakuzitoa.

Mashine
Linux ya biti 64, mfano Ubuntu 18.04 au ya baadaye. Nafasi wazi ya diski GB 400: takriban 250 za kodi, 150 za ujenzi. RAM inayopendekezwa ni GB 64. Tumia SSD, kwenye diski ya kuzunguka utasubiri mpaka uchoke. Kisha angalia kama prosesa inaruhusu mashine pepe (virtual machine), maana Cuttlefish huendeshwa hivyo:

grep -c -w "vmx\|svm" /proc/cpuinfo

Ikijibu 0, ingia BIOS uiwashe kabla hujapoteza bando.

1. Vifurushi
sudo apt-get install git-core gnupg flex bison build-essential zip curl zlib1g-dev libc6-dev-i386 x11proto-core-dev libx11-dev lib32z1-dev libgl1-mesa-dev libxml2-utils xsltproc unzip fontconfig

2. Repo
AOSP ni mamia ya hazina za git (programu ya kutunza matoleo ya kodi), na repo ndiyo inayozichunga zote kwa pamoja.

mkdir -p ~/bin
curl https://storage.googleapis.com/git-repo-downloads/repo > ~/bin/repo
chmod a+x ~/bin/repo
export PATH=~/bin:$PATH

Weka pia user.name na user.email kwenye git, la sivyo itakusimamisha kukuuliza.

3. Kushusha kodi
mkdir ~/aosp && cd ~/aosp
repo init -u https://android.googlesource.com/platform/manifest -b android-14.0.0_r1 --depth=1
repo sync -c -j4

Hiyo --depth=1 inaacha historia ya mabadiliko, na -c inachukua tawi moja tu. Mtandao ukikatika, rudia amri ya mwisho; haianzi upya. Ukiona kosa la 429, seva imekuona una pupa: shusha -j (idadi ya kazi za wakati mmoja) hadi 2, subiri kidogo, endelea.

4. Kujenga
source build/envsetup.sh
lunch aosp_cf_x86_64_phone-userdebug
m

lunch inachagua bidhaa ya kujenga (hapa ni Cuttlefish), m inaanza ujenzi. Hapa ndipo wengi wanapofia. Ujenzi ukikatika na neno "Killed" au namba 137, kodi haina kosa lolote: RAM imeisha na Linux imeua mchakato. Kupunguza kazi kwa m -j4 kunasaidia nusu tu, kwa sababu hatua ya mwanzo ambapo Soong (programu inayopanga ujenzi) inasoma faili zote za maelekezo, Android.bp, inameza RAM hata ukiweka -j1. Dawa ni kuongeza swap, yaani nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya ziada:

sudo fallocate -l 32G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Mara ya kwanza, mashine ya kori chache itatumia saa kadhaa. Ukibadilisha faili moja baadaye, m hujenga kilichoguswa tu, kwa hiyo usifute folda ya out ovyo.

5. Kuwasha
Cuttlefish ina vifurushi vyake vya upande wa kompyuta. Vijenge kutoka github.com/google/android-cuttlefish. Vikishaingia:

sudo usermod -aG kvm,cvdnetwork,render $USER

Zima na kuwasha kompyuta, rudia source na lunch, halafu:

launch_cvd --daemon

Fungua kivinjari kwenye https://localhost:8443 uione simu. Kuizima ni stop_cvd.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nipo Windows na WSL (Linux ndani ya Windows). Nimeweka kodi kwenye /mnt/c na sync inalalamika.
Jibu: Ihamishie ndani ya Linux yenyewe, kwenye ~/. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na AOSP ina xt_MARK.h na xt_mark.h kwenye folda moja. Moja inaifuta nyingine. Ila WSL haiungwi mkono rasmi, na Mac nayo iliachwa tangu 2021.

Swali: Nimewasha vizuri ila sioni Play Store.
Jibu: Haimo, na hutaikuta. Play Store na huduma za Google ni programu za kufungwa zenye leseni tofauti. Kilicho huria ni mfumo.

Swali: Nikibadilisha nikauza kwenye kifaa changu, lazima nitoe kodi yangu?
Jibu: Sehemu kubwa ya AOSP ina leseni ya Apache 2.0, haikulazimishi, hifadhi tu taarifa za leseni. Kerneli (kiini cha Linux) ni GPLv2: ukigawa kifaa, unawajibika kutoa kodi ya kerneli hiyo pamoja na ulichobadilisha. Na kabla hujauza, tengeneza funguo zako za kusaini. Ujenzi huu umesainiwa kwa test-keys (funguo za majaribio) zilizo wazi kwenye build/target/product/security, kwa hiyo yeyote anaweza kusaini sasisho bandia na kifaa chako kikalipokea.

Swali: Nimechukua toleo jipya, lunch inakataa jina la hatua ya 4.
Jibu: Kuanzia Android 14 QPR2 (sasisho la pili la robo mwaka) jina lina sehemu tatu: bidhaa, toleo, aina. Neno la katikati hutegemea tawi ulilochukua.