Usiku ukiendesha baiskeli, utepe wa kuakisi ufunge miguuni
Fulana ya rangi kali inasaidia sana mchana, lakini ukali wake hutegemea mwanga wa jua, usiku hufifia. Gizani unahitaji utepe unaoakisi taa za magari, na huo ufunge kwenye vifundo vya miguu, si kifuani tu. Mguu unaopanda na kushuka humwonyesha dereva mapema kwamba mbele kuna mtu anakanyaga pedali. Kwangu hili linatangulia hata koti zuri. Glavu usiziache, maana ukianguka mikono ndiyo hutangulia chini. Na helmeti iliyokwisha kugonga lami, hata isipoonyesha ufa, tafadhali usiivae tena: povu la ndani likishabonyea halikingi kichwa kama mwanzo.