Jinsi ya kumfuatilia babu Mwingereza aliyehamia Afrika Mashariki mpaka upate cheti chake cha kuzaliwa

Huu mwongozo ni wa wale ambao babu yao, au baba wa babu, alikuwa Mwingereza aliyekuja huku enzi za ukoloni, akalima Nakuru au akafanya kazi reli au akaja na mradi wa karanga Kongwa, akazaa, na leo familia imebaki na jina tu na picha iliyofifia. Wengi wanakwama kwa sababu wanakimbilia Uingereza moja kwa moja, wanaandika jina mtandaoni, wanaletewa watu kibao wenye jina hilo hilo alafu wanachagua anayeonekana kufanana. Msifanye hivyo jamani. Kumbukumbu za Uingereza ni nyingi na ziko wazi, cheti cha kuzaliwa cha mtu wa zamani anaagiza yeyote popote alipo wala huulizwi undugu, kazi ni kuhakikisha kwamba huyu ndo yeye. Kwaiyo tunaanza huku kwetu, alafu tunamfuata kurudi nyuma.

Hatua ya kwanza ni wazee, na uende kwa adabu, maana kwenye familia nyingi hii habari ina maumivu. Kuna bibi aliachwa na ujauzito bwana akarudi kwao kuoa, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kitu. Mpe shikamoo yake, kaa nae, mwache aongee anavyotaka, usimkatishe kwa kutaka tarehe. Unachosikilizia ni jina lake kamili pamoja na jina la kati (hilo la kati linasaidia mno kama ukoo wake ni Smith au Brown), alikuwa anafanya kazi gani, shamba gani au kampuni gani, alikuja kabla au baada ya vita, na kama aliwahi kutaja mji wa kwao au jina la mama yake au dada yake. Geuza kila picha uangalie nyuma, soma bahasha za barua, tafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wake. Na kama mtoto aliandikishwa bila jina la baba, jambo lililokuwa la kawaida sana, usikate tamaa, maelezo ya bibi bado yanatosha kuanzia, ila ujue mwisho wa safari huenda ukahitaji kipimo cha DNA kulinganisha na ndugu wa upande ule.

Kazi yake iandike vizuri kwa sababu inakupa miaka. Kama alikuja na ujenzi wa reli ya Uganda unaangalia 1896 mpaka 1901. Kama alikuwa mwanajeshi aliyepewa ardhi Kenya baada ya vita ya kwanza basi ni kuanzia 1919. Wa karanga, yani Kongwa, Urambo na Nachingwea, ni 1947 mpaka 1951. Ukishakuwa na miaka hiyo hautafuti tena gizani.

Hatua ya pili, karatasi za hapa hapa. Kwa Kenya anza na gazeti la serikali, Kenya Gazette, limekuwa likitoka tangu 1899 na matoleo mengi ya zamani yameskaniwa yako Google Books bure, unaandika jina lake ndani ya alama za nukuu. Humo kuna watumishi wa serikali walioteuliwa na kuhamishwa, na kuna matangazo ya mirathi ya waliofariki, ambayo mara nyingi yanataja marehemu alifia wapi na lini. Alafu kuna nyaraka za taifa, Nairobi ziko Moi Avenue na Dar ziko Upanga, nenda na majina na miaka iliyoandikwa vizuri maana ukiingia unasema tu natafuta mzungu fulani hawana pa kukuanzishia. Makanisa ya Anglikana nayo yana madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Na kaburi kama lipo litembelee, mawe mengi yana mwaka wa kuzaliwa au umri aliofia. Aliyefia vitani tafuta kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ni bure na mara nyingine wanaandika majina ya wazazi na mji wao.

Hatua ya tatu ni meli, na mimi naona hapa ndipo pananoga. Orodha za abiria walioondoka Uingereza kwa safari ndefu za baharini zimehifadhiwa National Archives kule Kew, London, kwenye mfululizo unaoitwa BT 27, kuanzia 1890 mpaka 1960, na zinasomeka kwenye tovuti za kumbukumbu za ukoo za Findmypast au Ancestry kwa kulipia. Tafuta jina, weka bandari ya kufikia Mombasa, Dar es Salaam au Tanga, na ukiweza fungua picha ya karatasi yenyewe usiishie kwenye muhtasari, maana pale utaona umri, kazi, na kwa miaka ya baadae anwani ya mwisho aliyokuwa akiishi Uingereza, na hiyo anwani ndo dhahabu kwa sababu mara nyingi ni nyumba ya wazazi. Angalia pia aliosafiri nao. Orodha za waliokuwa wanaingia Uingereza ni BT 26, kuanzia 1878 mpaka 1960, humo utamkuta akirudi likizo. Kama alikuja kwa ndege, au alitokea India au Afrika Kusini, BT 27 inaweza isimtaje kabisa, hilo lisikutishe.

Hatua ya nne sasa, kuomba cheti. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837 na unasimamiwa na General Register Office, watu wanaiita GRO. Ingia tovuti yao rasmi, hakikisha anwani inaishia na gov.uk kwa sababu kuna mawakala wanaokuuzia huduma hiyo hiyo kwa bei ya juu. Fungua akaunti kwa imeili yako, ingia kwenye indeksi ya vizazi, yani orodha ya majina ya walioandikishwa, andika ukoo, jinsia na mwaka, alafu ongeza miaka miwili mbele na nyuma maana umri kwenye orodha za meli hauaminiki sana. Majibu yatakuonyesha wilaya, robo ya mwaka, namba ya juzuu na ya ukurasa, na kitu cha thamani kuliko vyote, ukoo wa mama yake kabla hajaolewa. Ile robo ni ya kuandikishwa siyo ya kuzaliwa, aliyezaliwa Desemba anaweza kuonekana robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. Ukikosa kabisa jaribu FreeBMD, tovuti nyingine yenye indeksi hizo, ni bure, unachukua namba za rejea kule unazijaza kwenye fomu ya GRO.

Usilipe kabla ya kuwa na vitu viwili vinavyokubaliana, mfano wilaya inaendana na anwani ya meli na jina la mama ni lile bibi alilolitaja. Cheti cha karatasi wakati naandika ni paundi 12.50, kopi ya PDF paundi 8, na kwa rekodi za zamani kuna picha ya kidijitali kwa paundi 3. Unalipa kwa kadi ya benki. Kama ni kwa ajili ya kujua tu chukua ya bei nafuu, ila PDF na picha haviwi ushahidi kisheria. Kwenye anwani ya posta andika PO Box badala ya SLP.

Kikifika, linganisha jina la baba, kazi yake na anwani na sensa ya 1911 au 1921. Sensa ya 1931 iliungua 1942 na ya 1941 haikufanyika, kwaiyo kwa waliokuja baada ya vita ya pili tumia rejista ya 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita ilipoanza, ina tarehe kamili za kuzaliwa. Kama hayupo popote huenda babu alikuwa Mskoti, huku tuliwaita wote Waingereza, na Scotland wana ofisi yao na tovuti yao ya ScotlandsPeople.

Kwa wanaofanya hivi kwa ajili ya ile viza ya ukoo ya Uingereza inayotolewa kwa raia wa Jumuiya ya Madola, inamhusu babu au bibi aliyezaliwa kule, baba wa babu hahesabiki. Hapo agiza cheti cha karatasi, uambatanishe na cha mzazi wako na chako, na vyeti vya ndoa pale majina yalipobadilika, ili mtu wa viza aone mnyororo mzima kutoka kwake mpaka kwako.