Somo: Lambo la kijiji na shamba la umwagiliaji, hesabu kwanza katapila baadaye

Habari zenu wakuu. Somo hili la lambo, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mvua kwa tuta la udongo, ni la vijiji vyenye korongo la msimu, kama Dodoma, Singida na Shinyanga, ambako mvua ikikatika Mei hairudi mpaka Novemba au Desemba. Ninasisitiza jambo moja: maji yahesabiwe na kugawanywa kwenye karatasi kabla katapila halijafika.

Hatua ya 1: Mnahitaji maji kiasi gani?
Ekari moja ya mboga kwenye jua la Dodoma hunywa kama milimita 5 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 20, yaani ndoo elfu moja za lita 20, kila siku. Kwa siku 90 ni mita za ujazo 1,800. Mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu njiani, kwa hiyo andikeni 3,600. Ng'ombe mmoja mwekeeni lita 40 kwa siku.

Hatua ya 2: Lambo litabeba kiasi gani?
Zidisha urefu wa tuta, umbali ambao maji yatarudi nyuma, na kina penye tuta. Kisha gawanya kwa 6. Tuta la mita 60, maji yakirudi mita 150, kina mita 4: mita za ujazo 6,000.

Sasa jua nalo linachukua lake. Likinyonya milimita 6 kwa siku, miezi sita inaondoa zaidi ya mita moja ya kina. Na mita ile ya juu, kwa kuwa lambo hutanuka kuelekea juu, hubeba zaidi ya nusu ya maji yote! Ndiyo maana nawaambia pandeni mara tu mvua inapokatika. Anayesubiri Agosti anamwagilia kwa mabaki. Mkipewa nafasi ya kuchagua, ongezeni kina, msiongeze upana.

Lambo la ukubwa huu ni la ekari moja ya mboga na mifugo kiasi. Anayewaahidi ekari ishirini mwombeni awaonyeshe hesabu yake.

Hatua ya 3: Udongo.
Kata vitako vya chupa za plastiki, zigeuze mdomo chini, ziba mdomo kwa kitambaa. Jaza kila chupa nusu kwa udongo wa sehemu tofauti, mimina maji juu, subiri. Inayodondosha polepole kuliko zote ndiyo yenye udongo wa kuzuia maji.

Hatua ya 4: Tuta.
Chimbeni mtaro wa msingi hadi udongo mgumu, mjaze mfinyanzi, mshindilie tabaka kwa tabaka. Njia ya maji ya ziada iwe pembeni, na tuta lizidi kimo cha njia hiyo kwa mita moja. Miti isiote juu ya tuta: mizizi ikioza inaacha matundu. Michoro na usimamizi aachiwe mhandisi wa umwagiliaji.

Hatua ya 5: Kibali na majirani wa mto.
Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya bonde lenu, chini ya sheria ya mwaka 2009. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Kilimanjaro, ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, mavuno ya mpunga yakafika kama tani 6 kwa hekta. Wakulima wa juu wakaona faida, nao wakafungua majaruba kwa maji yaleyale, na maji ya skimu yakapungua. Kaeni na watu wa juu na wa chini mapema, mwandike makubaliano.

Hatua ya 6: Faida.
Faida ni tofauti kati ya ekari hiyo kiangazi bila maji na ekari hiyohiyo ikiwa na maji. Toa pembejeo, vibarua, usafiri na ada ya kuzoa tope linalojaa lamboni. Ongeza ng'ombe wasiotembea mbali na saa ambazo kina mama wanaokoa kwa kutofuata maji mbali. Ada ikusanywe kila msimu tangu mavuno ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Kishapu: Mwalimu, udongo wa kwetu ni mbuga nyeusi tupu, ule mfinyanzi mweusi. Inafaa?*
Kwa sakafu ya lambo, vizuri sana. Kwa tuta ni hatari, hupasuka ikikauka. Ifunikeni kwa moramu, udongo wa changarawe, msiiache wazi.

*Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Wafugaji wanaingiza ng'ombe ndani, ugomvi kila siku.*
Marahaba. Jengeni mbauti, yaani hori la kunyweshea mifugo, chini ya tuta, maji yafike kwa bomba, kisha zungushieni lambo uzio wa mkonge. Na wafugaji wawe na viti kwenye kamati. Mkiwafungia nje, uzio utakatwa.

*Mwanachama wa Manyoni: Mkuu, tulime mpunga au vitunguu?*
Kwa lambo dogo, vitunguu. Mpunga unataka maji mengi mno. Ila msivune kijiji kizima wiki moja, bei itawaangukia. Gaweni vitalu mpishane wiki mbili au tatu, na kabla ya kusia mbegu ulizeni madalali wa Dodoma mjini wanapokea magunia mangapi.