Chupa ya mwaka uliozaliwa: anza na mwaka, jina baadaye

Mbege ya mama kule Marangu ikilala siku tatu imeshachacha. Ndiyo maana alishangaa nilipomwambia natafuta mvinyo wa 1987, mwaka aliozaliwa kaka.

Mara ya kwanza nilikimbilia mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, kwa ajili ya jina. Kwa mtu wa 1982 au 1990 ningepatia, maana miaka hiyo zabibu ziliiva vizuri. Ila 1987 mvua iliwakuta wakati wa mavuno, mvinyo ukatoka mwepesi, wa kunywewa mapema. Chupa niliyouziwa mtandaoni ilikuja mvinyo umeshuka chini ya mabega ya chupa. Tulipoifungua ikanuka siki. Iliniuma sana, nilikuwa nimedunduliza miezi mitano.

Kwa hiyo ulizia kwanza mwaka wako ulikuwaje, na wapi. Ukikuta ulikuwa mbaya, achana na mvinyo wa kawaida, tafuta ule ulioongezewa pombe kali. Madeira huvumilia karibu kila kitu, kwa sababu hupitishwa kwenye joto makusudi tangu unapotengenezwa. Rivesaltes ya kusini mwa Ufaransa huwa na bei nafuu zaidi. Mimi nilichukua Port ya Ureno, aina ya Colheita: ni ya mavuno ya mwaka mmoja tu, na hukaa kwenye mapipa ya mbao miaka isiyopungua 7, mara nyingi zaidi sana. Lebo yake huonyesha mwaka wa mavuno na mwaka wa kutiwa kwenye chupa. Chagua iliyotiwa karibuni.

Kwenye tovuti ya Wine-Searcher andika aina na mwaka, utaona nani anauza na kwa bei gani. Kabla ya kulipa, omba picha ya chupa ikiwa mbele ya taa. Angalia mvinyo umefika wapi shingoni, kizibo kimetokeza au la, na kama kuna michirizi ya kuvuja. Muuzaji akisitasita kupiga picha, usimtumie hela.

Yangu aliileta shemeji anayefanya kazi Ureno, ndani ya begi kubwa, imeviringishwa kwenye sweta mbili. Alitua KIA Desemba, tukapanda nayo moja kwa moja Marangu. Mjini Moshi joto lingeisumbua bure.

Mvinyo mkuukuu wa kawaida usimamishe siku mbili ili machicha yatulie, kisha mimina polepole huku umewasha tochi ya simu nyuma ya shingo. Yakianza kuja, acha. Kizibo chake huweza kuwa kimeoza, kitoe taratibu. Colheita haina kazi hiyo: fungua, mimina.

Yetu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ikinukia karanga za kukaanga na ganda la chungwa. Mama alionja, akamtazama kaka.

"Yaani hii walikamua nikiwa nimekubeba mgongoni?"

Kaka akamwongezea glasi.