Kabla ya kung'oa tairi za ranifleti
Ukinunua BMW ya mtumba, fungua buti kwanza. Mara nyingi hakuna spea wala jeki, kwa sababu gari lilitoka kiwandani na ranifleti: tairi zenye kuta ngumu, zinazoweza kwenda kama kilomita 80 bila upepo, mwendo usizidi 80 kwa saa. Usiku Thika Road, mahali hutaki kushuka, utazishukuru. Ila kwenye mashimo ya mtaani mgongo utalia, na ukishaiendesha bila upepo, fundi wa pancha hana la kufanya, unanunua nyingine. Mimi nilirudi kwa za kawaida, nikabeba spea, jeki na spana. Ukibaki nazo, hakikisha taa ya upepo kwenye dashibodi inafanya kazi, maana kwa macho pancha huioni.