Data za sensa: namna ya kuzioanisha na kuzigawa bila kumuanika jirani

Kwenye sensa ya Kenya ya 2009, swali la maji lilikuwa na jibu moja limeandikwa jabia, neno letu kabisa, limewekwa fungu moja na maji ya mvua na ya kuvuna. Mtu wa Pate au Kizingitini, huku Lamu, hahitaji kuelezwa jabia ni nini, ile sakafu pana inayokinga mvua halafu maji yanateremka kwenye birika lililochimbwa chini. Ukija dodoso la 2019 neno lenyewe halipo tena, kumebaki mvua na maji ya kuvuna tu. Sasa mwanafunzi wangu wa Nairobi, au mtafiti aliyeko Ufaransa ambaye hajawahi kukanyaga Lamu, atajuaje kwamba haya mawili ni kitu kimoja? Hiyo ndo kazi ya kuoanisha data na hapa nataka nikuonyeshe inafanywa vipi, manake vijana wengi huku Pwani wanaandika tasnifu kwa meza za PDF, yaani majedwali, walizonakili kwa mkono wakati data yenyewe ipo, tena bure.

Ipo wapi? Kuna mradi unaitwa IPUMS International, uko Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, umeanza 1999, umekusanya sampuli za sensa za nchi zaidi ya mia moja na watu zaidi ya bilioni moja. Kenya imo tangu sensa ya 1969, halafu 1979, 1989, 1999 na 2009. Tanzania utaikuta ya 1988, 2002 na 2012, kwa hiyo ukitaka kulinganisha Lamu na Pemba inawezekana. KNBS, yaani shirika la takwimu la Kenya, nao wana hifadhi yao ya data, pitia huko pia, hasa ukitaka madodoso ya asili.

Kujiandikisha ni bure lakini si papo hapo. Unajaza jina, chuo chako na maelezo ya utafiti, na hayo maelezo usiyaandike kivivu, maana kuna mtu anayasoma ndo akukubalie. Usiandike "nataka data ya Kenya". Andika unachouliza, kwa mfano unataka kujua watoto wa mama waliosoma mpaka wapi ndo wanaobaki shule Lamu na Kilifi, na kwa nini unahitaji rekodi ya mtu mmoja mmoja badala ya meza. Pia unaweka ahadi: hutamtafuta mtu yeyote ndani yake, hutaifanyia biashara, hutampa mwenzako faili. Hilo la mwisho watu wanalivunja kila siku kwa WhatsApp. Mwenzako naye ajiandikishe, ni bure hata kwake.

Ukikubaliwa unachagua nchi na mwaka, halafu safu unazotaka, umri, ndoa, elimu, maji, halafu unaagiza faili na unangoja barua pepe. Hapa wenzangu wa bando dogo sikilizeni. Sensa ya 2009 ni sampuli ya asilimia 10, yaani mamilioni ya mistari, ukiishusha yote na safu hamsini utakesha na itakatika asilimia tisini. Kabla hujaagiza kuna sehemu ya kuchuja rekodi, chuja kwa eneo ubaki na Pwani tu, chukua safu kumi unazozihitaji kweli. Kama unataka elimu ya mama iwe kwenye mstari wa mtoto usihangaike kuunganisha mwenyewe, kuna sehemu ya kuambatisha sifa za mama, baba, mume au mke, bonyeza hapo wakufanyie. Faili inakuja ya programu za takwimu kama Stata na SPSS, au ya CSV, na wanaotumia programu ya R kuna kifurushi cha ipumsr kinachosoma namba pamoja na maana zake.

Kitu cha kwanza ukifungua, jumlisha uzito. Kila mtu kwenye sampuli anasimama badala ya watu kadhaa, kwenye sampuli ya asilimia 10 anasimama badala ya watu kama kumi, ya asilimia 5 kama ishirini, na safu yake inaitwa PERWT. Kama hukuchuja eneo, jumla ya Kenya 2009 inatakiwa ikaribie 38,610,097, Lamu nayo ilihesabiwa watu 101,539. Ukipata elfu kumi na kitu basi umesahau uzito, na usiogope, rudi tu. Lakini kumbuka hao elfu kumi ndo watu ulionao kweli, kwa hiyo ukianza kukata wanawake wajane wa miaka 30 hadi 34 waliosoma sekondari utabakiwa na watu wachache sana na asilimia utakayotoa haitasimama.

Mipaka pia. Malindi ilikuwa ndani ya wilaya ya Kilifi, ikakatwa ikawa wilaya yake miaka ya tisini, halafu kaunti zilipokuja na katiba ya 2010 ikarudi Kilifi. Ukilinganisha Kilifi ya 1989 na Kilifi ya 1999 bila kuongeza Malindi utaona watu wamepungua, na hakuna aliyehama. Jumlisha zote mbili, au tumia safu ya eneo iliyokwisha oanishwa.

Sasa tuje kwenye kuoanisha wenyewe, hapa ndo nataka ukae, kwa sababu hata kama unatumia safu zilizokwisha tengenezwa, siku moja utakuwa na data yako ya kijiji na utataka ikae pamoja na sensa.

Chukua ndoa. Kenya 2009 ilitenga ndoa ya mke mmoja na ndoa ya mitara, lakini haikutenga wanaoishi pamoja bila ndoa. Tanzania 2012 ikafanya kinyume, ikatenga waliooana na wanaoishi pamoja, mitara haikuuliza. Ukizilazimisha ziwe sawa kwa kufuta unapoteza mitara yote ya Kenya, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Ukiziacha kama zilivyo hazizungumzi. Dawa yake ni namba yenye ngazi. Tarakimu ya kwanza ni ile nchi zote mbili zinaweza kuijibu: 1 hajaoa wala kuolewa, 2 yuko kwenye ndoa au wanaishi pamoja, 3 wameachana, 4 mjane. Tarakimu zinazofuata ndo za undani: 210 ndoa isiyotajwa aina, 211 mke mmoja, 212 mitara, 220 wanaishi pamoja. Mtanzania aliyeoa anapata 210, Mkenya wa mitara 212, na anayetaka kulinganisha nchi mbili anasoma tarakimu ya kwanza tu. IPUMS wanatumia mtindo huuhuu, namba zenyewe zinatofautiana kidogo, kwa hiyo soma zao usichukue zangu.

Maji vilevile. 2009 chemchemi, kisima na kisima cha kuchimbwa kwa mashine viliwekwa fungu moja. 2019 vikatengwa, tena kisima kilichofunikwa mbali na kisichofunikwa. Kwa hiyo ya 2009 wote ni 200, na ya 2019 wanaingia 210, 220, 230 na kuendelea. Mvua na jabia 300 kwa miaka yote miwili. Nimeshaona grafu inaonyesha visima vilivyofunikwa vilikuwa sifuri 2009 halafu vikapanda ghafla. Havikupanda, havikuulizwa! Sifuri na "haikuulizwa" ni vitu viwili, vipe namba tofauti tangu siku ya kwanza, na "hakujibu" mpe yake pia.

Na usiishie kwenye jina la jibu, jiulize maana yake hapa. Bomba la Lamu mjini linaleta maji ya visima vya Shela, chini ya michanga ile, kwa hiyo mtu wa bomba Mkomani na mtu wa kisima Shela wanakunywa maji ya ardhi moja ingawa namba zao ni tofauti. Hilo namba yoyote haitakwambia, liandike kwenye maelezo ya safu.

Elimu nitapita haraka. Kenya ilihama mfumo wa 7-4-2-3 kwenda 8-4-4 mwaka 1985, kwa hiyo aliyemaliza msingi 1980 alisoma miaka saba na aliyemaliza 1995 minane. Safu ya IPUMS inayoitwa EDATTAIN inafuata kipimo cha Umoja wa Mataifa, miaka sita msingi, mitatu na mitatu sekondari, kwa hiyo "amemaliza msingi" ya kwake si ile ya cheti cha mtoto wako. Ukihitaji darasa lenyewe chukua safu ya asili, ziko na jina la nchi na mwaka mbele. Mimi huwa nachukua zote mbili kila mara, iliyooanishwa na ya asili, halafu natengeneza meza moja ya kuzikutanisha nione kila namba imetoka wapi.

Tuje kwenye kugawa. Watu wanadhani ukifuta majina umemaliza. IPUMS kwanza wanatoa sampuli tu, hawatoi sensa nzima, maeneo yenye watu chini ya 20,000 hawayataji, kaya zinachanganywa mpangilio ndani ya wilaya, rekodi chache zinabadilishwa wilaya makusudi, na majibu ya watu wachache sana yanaunganishwa na mengine. Ukiangalia hiyo elfu 20 utaelewa kwa nini huwezi kupata kijiji kama Siyu au Matondoni peke yake, na ni haki hivo.

Sisi tulikuwa na data yetu ya kaya, kijiji kimoja kisiwani sitakitaja, tumefuta majina na namba za simu tukaona iko tayari kwenda nje. Kabla ya kuiachia tukamkalisha mwenzetu mmoja mzaliwa wa hapo, naye ni wa timu na ameweka sahihi ya kutunza siri, tukamwambia soma. Mstari wa nne: mwanamke, mjane, miaka 58, anafundisha madrasa, watoto wawili ng'ambo, maji ya jabia. Hakufika mwisho wa mstari, akataja jina. Mstari wa kumi na moja akataja mwingine, huyo kwa umri wake tu, tisini na saba. Mimi moyo ulinidunda, manake kwenye safu za mbele kulikuwa na deni na maradhi.

Tukarudi nyuma. Umri tukaweka makundi ya miaka mitano na juu ukaishia 80 na zaidi. Kazi tukabakiza fungu kubwa tu. Kijiji tukafuta tukaandika kaunti. Watoto wa ng'ambo ikawa ndio au hapana, maradhi yakatoka kabisa. Halafu tukahesabu kila mchanganyiko wa jinsia, umri, ndoa na kazi, wowote wenye watu chini ya watano tukauunganisha na wa jirani yake, kazi ya siku mbili na eksel ya kawaida inatosha. Mpangilio wa mistari tukauchanganya pia, kwa sababu karani anapita nyumba kwa nyumba na faili linafuata uchochoro.

Tukampa tena. Akasoma kurasa zote tatu polepole, mara mbili akasimama, akaendelea, mwisho akarudisha karatasi hakutaja mtu. Faili hilo ndo lililotoka, pamoja na dodoso, meza ya namba za zamani na mpya, na hatua zote tulizofanya isipokuwa orodha ya rekodi tulizozigusa. La kwanza liko kwenye laptopu moja isiyounganishwa intaneti, na likitimia lile tulilowaahidi wenye nyumba wakati wa kuomba ruhusa, linafutwa.