Bridge kwa Aliyezoea Arubastini

Aliyekulia Tabora akicheza arubastini chini ya mwembe tayari anaijua turufu na nguvu yake, na hivyo ana mwanzo mzuri wa kujifunza bridge, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili. Karata zote 52 hugawiwa watu wanne, 13 kwa kila mmoja, na mwenzako hukaa akikutazama.

Kwanza unakuja mnada, mnaposhindana kutaja namba ya raundi na turufu mnayoitaka. Hesabu alama zako: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Mwenye alama 12 au 13 kwa kawaida anaweza kufungua, yaani kuwa wa kwanza kutaja. Namba unayoitaja huongezwa 6, kwa hiyo “kopa nne” ni ahadi ya kushinda raundi 10 kati ya 13. Katika kushindana huko, pao ndiyo ya chini, kisha uru, kopa na shupaza. Juu ya zote ni bila turufu.

Mkataba, yaani ahadi ya mwisho iliyoshinda mnada, ukiwa wako, mpinzani wa kushoto hutoa karata ya kwanza, ndipo mwenzako hulaza zake zote mezani nawe unazicheza pamoja na zako. Hapo usiguse kitu. Siku za mwanzo nilikuwa nikivuta karata kwa kasi ileile ya arubastini, na siku moja niliitoa mapema ree ya mezani iliyokuwa njia yangu pekee ya kurudi upande ule. Uru tatu nzuri zikabaki zimelala pale, nisiweze kuzifikia, na mkataba ukavunjika. Bado naukumbuka kwa uchungu.

Hesabu raundi ulizo nazo hakika, kisha tafuta zinazopungua. Kama turufu ni kopa nanyi mna 8, wapinzani wana 5, na karibu mara 68 katika 100 huwa zimegawanyika 3 kwa 2, hivyo raundi tatu za turufu huwamaliza.

Tuseme bado imepungua moja, na mezani kuna ree na malkia wa shupaza, ilhali mfalme hujui aliko. Toa shupaza ndogo kutoka mkononi mwako. Mpinzani wa kushoto akiweka ndogo, weka malkia. Mfalme akiwa kushoto, malkia atashinda; akiwa kulia, atamezwa. Ni nusu kwa nusu, kwa hiyo itumie njia hii pale tu ambapo huna nyingine iliyo salama zaidi.